Vitu nilivyonunua kupigana na kunguni, kipi kilifanya kazi na kipi kilikula pesa yangu bure

Wacha nianze na maksi kabisa kwa wale hawapendi kusoma marefu. Mashine ya mvuke ya mkononi, nane kwa kumi. Mfuko wa godoro wa zipu, sita, na ungepata nane kama hatungekuwa tunaishi Mombasa. Dawa ya kopo ya kupuliza, mbili. Mpiga dawa wa kwanza sifuri, wa pili nane. Na tochi ya shilingi mia mbili na hamsini, kumi kwa kumi, tena hiyo ndo ningenunua kabla ya hivyo vyengine vyote ningekuwa na akili, ila akili nilikuwa sina.

Mimi nauza nguo. Nachukua leso Biashara Street napandisha Nairobi, nikirudi nateremka na madera na abaya za Eastleigh. Kulala lojingi kwangu ni kawaida kama kupanda tuktuk, nataka kitanda, maji na mlango unaofunga, bas. Sasa mwaka jana nikalala lojingi moja huko juu, jina sitaji, elfu moja na mia mbili kwa usiku, shuka nyeupe zimepigwa pasi mpaka nikajisemea leo nimebahatika. Nikafanya nnavyofanya siku zote, begi pu! juu ya kitanda, nikamwaga mzigo wote hapo hapo nihesabu doti zilizobaki, za kuuzwa upande huu, za kurudi nazo upande huu, na usiku nikazisukuma tu ukutani nikalala nazo. Siku mbili hivyo. Kisha treni, Miritini, tuktuk hadi Kisauni, begi chini ya kitanda changu mwenyewe na bado nimelifunga, sikulifungua mpaka siku ya tatu kwa sababu nlikuwa nimechoka. Yaani nimewapa lifti, nimewapa na nyumba.

Wiki ya tatu hivi mikono ikaanza kutoka vipele, vitatu vitatu, vimejipanga kama vinapiga foleni ya feri. Mamake mume wangu akasema ni harara ya joto, nijipake poda. Nikajipaka. Baba watoto naye hana hata alama moja na twalala kitanda kimoja, kwa hivo sote tukaamini ni mwili wangu tu umeharibika, labda samaki, labda sabuni. Nlikuja kujua baadaye kwamba kuna watu wanaumwa na kunguni kila siku na ngozi haitoi hata doa, na wengine alama hutokea siku kadhaa baada ya kuumwa, kwa hivo msiseme "mbona mwenzangu hana". Mwenzako analiwa vilevile ila ngozi yake haisemi.

Saa tisa usiku nikawasha taa ya simu ghafla. Alikuwa anatembea kwenye foronya, bapa, mwekundu wa kahawia, ukubwa wa punje ya adesi. Nikamfinya. Ile harufu! Mwenye kuijua anaijua, mimi mara ya mwisho kuisikia nlikuwa mtoto kwa bibi. Tukainua godoro, na pale mfumbati unapokutana na tendegu kwenye tundu la msumari kulikuwa na ukoo mzima, wakubwa, wadogo weupe weupe kama ufuta unaotembea, maganda waliyojivua, na vidoti vyeusi kama mtu amegonga gonga biki.

Kuna neno nataka kulitoa kabla sijaendelea na bidhaa. Watu wana haya na kunguni kama ni kesi ya wizi. Kunguni hajali umesafisha ama hujasafisha, yeye anataka damu na joto la mwili na pumzi yako basi. Paris mwaka 2023 walikuwa gumzo la dunia nzima, mpaka watu wanaogopa kukaa kwenye viti vya treni, na huko ndiko watu huenda fungate. Waswahili husema mtu asiyependwa ana damu ya kunguni, sasa mimi nlikuwa na kunguni wenye damu yangu, na shoga zangu wawili wa mtaani waliacha kuja kusukwa kwangu mara moja nilipowaambia ukweli. Nawaelewa. Lakini aliyenyamaza ndo anayewasambazia, na angalau hawa hawajulikani kueneza ugonjwa kama mbu anavyoeneza malaria. Wanakula usingizi na pesa.

Haya, bidhaa.

Dawa ya kopo. Nlinunua mbili siku ya kwanza kwa hasira, moja madukani na moja kwa kijana anatembeza Mwembe Tayari kwenye chupa ya maji ya kunywa haina hata karatasi. Hii ya pili msinunue, nimeimwaga... tena hata kuimwaga sikujua niimwage wapi. Dawa halali Kenya huwa na namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu, kwenye lebo, chupa isiyo na lebo hujui unapulizia wanao nini. Hii ya duka ilikuwa na namba yake safi, nikapulizia kitanda kizima, waliolowa wakafa, nikashangilia. Siku ya nne wako chumba cha watoto. Dawa nyingi hizi za makopo ni ukoo mmoja na dawa iliyotiwa kwenye neti zetu za mbu, na kunguni ukoo huo wamekwisha kuuzoea, mtu anawaona wanatembea juu ya neti kama wako bustani ya Mama Ngina ufukweni wanapunga upepo. Asiyekufa anahama. Mimi kwa mkono wangu nimewahamisha kutoka chumba kimoja wakawa na viwili, na nimelipa mia saba kwa kazi hiyo.

Na kuna jirani, nia yake nzuri maskini, aliniambia nitafute vile vidonge vya kuhifadhia mahindi niweke chini ya kitanda nifunge mlango. JAMANI HAPANA. Vile vinatoa gesi ya fosfini na gesi ile haichagui kunguni na mtoto, inapita chini ya mlango mpaka kwa jirani, watu wamekufa nayo usingizini. Hilo silitilii hata maksi.

Mpiga dawa wa kwanza. Nlimpata kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima, akaja na boda boda, pampu mgongoni, akasema elfu tatu na nusu, mara moja tu, dhamana miezi sita. Dakika ishirini ameshamaliza. Godoro hakuinua, mimi ndo nlimwambia ainue akasema "mama, dawa inaingia yenyewe". Inaingia kwani ina miguu? Nyumba ikanuka siku tatu, tukalala kwa wifi yangu Mtwapa, tukarudi, siku ya tisa au ya kumi hivi wale ufuta wanaotembea wakatoka tena. Kumbe yai la kunguni dawa nyingi haziligusi, na lenyewe kwa joto letu huanguliwa kama wiki moja mpaka mbili, kwa hivo anayekuja mara moja akaondoka ameua wazazi akawaachia watoto nyumba. Nlipiga simu ya dhamana. Haishikwi hadi leo.

Wa pili nlipewa na mwalimu wa madrasa ya mwanangu, ambaye alikuwa nao mwaka juzi na hakumwambia mtu (si mnaona!). Huyu maksi nane kwa sababu zifuatazo. Kwanza alikuja bila dawa. Alikuja na tochi na bisibisi akakaa saa nzima anaangalia, akafungua kitanda mbao moja moja, akafungua vifuniko vya swichi, akaangalia nyuma ya fremu ya ayatul-kursi ukutani, na huko akawakuta, nikatamani ardhi ipasuke. Pili alinipa kazi kabla ya yeye kuanza, nguo zote zichemshwe zifungwe kwenye mifuko, kitanda kivutwe kisiguse ukuta, neti isiburuze chini. Tatu alikuja mara mbili, wiki mbili katikati, na akasema akija ya pili bado kuna dalili atakuja ya tatu kwa nusu bei. Elfu tisa zote. Sikuhitaji ya tatu. Maksi mbili nimempunguza kwa sababu alichelewa mara zote mbili na siku ya pili alitukuta tunakwenda harusini, tukamwacha na mamangu, na mamangu akamfundisha kazi mpaka akachoka.

Mashine ya mvuke sasa, ile ya mkononi ya kunyoshea nguo zilizotundikwa. Elfu tatu na mia mbili, mjini. Hii ndo iliyonirudisha utotoni, kwa sababu bibi yangu alikuwa na kitanda cha kamba, na kila baada ya muda kilitolewa nje uani akachemsha sufuria kubwa ya maji, kisha na birika anapita kwenye matendegu, kwenye mifumbati, kwenye kila fundo la kamba, sisi watoto tunachekelea wakidondoka. Tulidhani ni ushamba. Bibi alikuwa sawa kabisa, kunguni hana dawa kubwa kuliko moto, ukimfikisha nyuzi 50 na kupita anakufa yeye na yai lake, na mwili wake hauwezi kuzoea hilo kama anavyozoea dawa. Kitanda cha mbao cha sasa chenye vanishi na godoro la elfu kumi na nane huwezi kukimwagia birika, ndo mvuke unapoingia.

Lakini ina mambo yake. Ukipita haraka kama unanyosha dera umewaogesha tu, inatakiwa taratibu sana, kidole kwa kidole, mshono wa godoro mzima, na ule upepo wa mvuke ukiwa mkali unawapeperusha wanaangukia pengine wazima, kwa hivo funga kitambaa mdomoni mwa mashine upunguze nguvu. Yangu inatema maji ikijaa sana, godoro likalowa likachukua siku mbili kukauka na ilikuwa masika. Usipeleke karibu na soketi. Na inakula tokeni za stima! Tokeni za mia tano nlizokuwa nakaa nazo wiki ziliisha kwa siku tatu, na mara mbili stima ilipotea niko katikati ya tendegu la tatu, nimekaa gizani na mashine mkononi nawasikiliza. Sauti hawana lakini mimi nliwasikia.

Kwenye hili la moto kuna kitu kitawauma watu wa pwani: jua. Sote tumelelewa kwamba godoro likianikwa juani limepona. Godoro ni nene, upande wa juu unaungua, wale wanahama upande wa chini wanangoja magharibi, nimegeuza nikawaona kwa macho yangu. Hata nguo kwenye mfuko mweusi juu ya dari usitegemee, katikati ya mzigo hapapati moto wa kutosha. Nguo ni kuchemsha, au kama huwezi kuchemsha peleka kwa dobi mwenye mashine ya kukausha, ikae kwenye moto mkali nusu saa na zaidi tangu ziwe zimekauka. Mimi nlilipa dobi wa Bamburi kwa kilo, na leso mpya hazikutoa rangi kwa sababu ziliingia kavu moja kwa moja kwenye ile ya kukaushia. Huo ujanja naupenda, mzigo wa biashara haujalowa na umeiva. Viatu na begi la ngozi nliviweka kwenye friza ya jirani anayeuza barafu za ukwaju, mfuko juu ya mfuko, siku nne kamili kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kisanduku cha barafu cha ndani ya friji hakitoshi. Jirani alitaka kujua ndani mna nini nikamwambia ni zawadi ya mtu. Allah anisamehe.

Mfuko wa godoro wa zipu. Elfu mbili na mia nane, unaingiza godoro lote unafunga zipu, waliomo ndani hawatoki na walio nje hawana pa kujificha kwenye godoro. Ni kitu cha maana, hasa kama godoro lako ni la bei na hutaki kulitupa, na kulitupa nje si suluhisho pia, kuna mtu ataliokota na utakuwa umempelekea. Ila uliza vitu viwili kabla ya kulipa. Zipu inaishia wapi, ya kwangu ya kwanza ilikuwa na uwazi wa kupitisha uzi mzito pale mwisho, nikarudisha. Na ni kitambaa au nailoni tupu? Mimi nlichukua ya nailoni kwa ubahili wa mia sita, na mwezi wa pili Mombasa kulala juu ya nailoni ni kuchemshwa kama mahamri, jasho mgongoni, ukigeuka inalia kwarakwara mpaka mtoto anaamka. Na hauvuliwi mapema, kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, wenye kujua wanasema uache mwaka mzima. Nimebakisha miezi mitano. Baba watoto anahesabu kama mtu wa jela.

Ukijumlisha yote, dawa, wapiga dawa wawili, mashine, mfuko, dobi, tokeni, nauli ya Mtwapa, nlipita elfu ishirini na moja. Kwa lojingi ya elfu moja na mia mbili.

Ndo maana tochi imepata kumi. Ni tochi ndogo ya betri moja, mwanga mweupe mkali, taa ya simu si mbaya lakini huwezi kuiingiza nyuma ya kitanda na simu ya mkopo. Siku hizi nikifungua chumba popote, iwe lojingi au ile hoteli ya Nyali shemeji alitulipia kwa arusi yenye mataulo yamekunjwa kama bata, begi linaingia bafuni kwanza. Linakaa kwenye vigae, kunguni haruki wala hapai, anatembea tu, na bafuni hana shughuli. Kisha navua shuka pembe za upande wa kichwa, naangalia mshono wa godoro mzunguko wote, navuta kitanda nachungulia nyuma ya ule ubao wa kichwani, chini ya droo ya pembeni, mikunjo ya kiti kama kipo. Simtafuti kunguni mwenyewe, mchana amejificha, natafuta vile vidoti vya biki. Ukiwa na shaka lowesha kitambaa upanguse, kikisambaa rangi ya kutu ni wao. Dakika kumi. Nikiona hata kidoti kimoja naomba chumba chengine, na si cha ubavuni wala cha juu yake au chini yake kwa sababu ukuta kwao si mpaka.

Nikilala, mzigo unabaki umefungwa, doti nahesabia juu ya meza. Nguo nilizovaa zinaingia mfuko wa plastiki unafungwa fundo. Nikifika nyumbani begi halivuki kizingiti, nafungulia barazani, nguo zinakwenda sufuriani hata zile sikuvaa, begi lapigwa mvuke kwenye mishono na zipu. Nimeacha kabisa begi la kitambaa lenye mifuko kumi, nimenunua la plastiki ngumu la mitumba Kongowea, si kwamba haliwezi kuingia mdudu, ila kuna pahali pachache pa kuchungulia. Majirani walidhani nimekuwa na wazimu wa usafi. Mmoja sasa amekuja kuniazima mashine, hakusema ya nini na mimi sikumuuliza, nikampa na kitambaa cha kufungia mdomo.

Safari ya juzi nlikuwa chini ya kitanda cha watu na tochi mdomoni, makalio juu, kijana wa lojingi akaingia na sabuni na taulo. Akasimama.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Hapana mwanangu, natafuta nisichotaka kukipata."

Akacheka, akaweka taulo, kisha akasema pole pole akiangalia mlango, "Chukua namba kumi na nne, hapa usikae."

Nikahamia kumi na nne. Nayo nikaimulika.